Titi Likikatwa, Nani Anauliza Habari za Kulirudisha?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msomaji, jina la Ngarambe unalijua hata kama hujawahi kufika huko. Ulilisoma shuleni. Ni pale, kusini ya Mto Rufiji, ambako kuanzia mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale aligawa maji, na watu wakatoka Umatumbi, Kilwa na mbali zaidi, wakatembea siku nyingi kuifuata dawa. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka 1905, na vita vikaendelea bila yeye. Nayataja haya kwa sababu moja tu. Zamani watu walikwenda Ngarambe kutafuta dawa. Siku hizi mtu wa Ngarambe akipatwa na ugonjwa mkubwa ndiye anayefunga safari, na hana uhakika safari hiyo itaishia wapi.

Juma hili nataka tuitazame safari ya mwanamke mwenye saratani ya titi. Najua habari za saratani hii mmekwisha kuzisikia. Kila Oktoba tunavaa rangi ya waridi, tunaambiwa akina mama wajichunguze, wawahi hospitali. Ni maneno mazuri na sitayarudia. Mimi nataka kuanzia pale matangazo yanapoishia, yaani baada ya kisu. Titi limekatwa, kidonda kimepona, mama amerudi nyumbani. Upande mmoja wa kifua uko tambarare kama kiganja. Je, kuna linaloweza kufanywa?

Swali hilo si langu. Liliniletewa na msikilizaji mmoja wa Ikwiriri, kuhusu dada yake. Anasema dada yake alikatwa titi Dar es Salaam, akatunzwa vizuri, akarudi akiwa na nguvu zake. Shambani anakwenda, mpunga anapanda. Lakini tangu arudi haogi tena na wenzake. Huchota maji usiku akaoga peke yake. Harusini haendi. Ndani ya gauni hujazia vitambaa vya kanga, na anapoinama huvishika kwa mkono visije vikahama. Msikilizaji akauliza kwa lugha yake: "Hakuna dawa ya kujaza pale?"

Ipo. Si dawa ya kunywa wala ya kupaka, ni upasuaji, na ni wa zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Hebu niueleze, maana bila kuuelewa hatutaelewa kwa nini dada yule hakuwahi kuusikia.

Titi huundwa upya kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kuweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mifuko ya aina hiyo ilianza kutumika Houston, Marekani, mwaka 1962. Operesheni yenyewe si ndefu sana. Tatizo ni kwamba mara nyingi ngozi iliyobaki haitoshi, kwa hiyo daktari hutanguliza kifuko kitupu kinachojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, mgonjwa akirudi kliniki kila mara, mpaka ngozi inyooke. Ndipo huwekwa mfuko wenyewe. Nao haudumu maisha yote. Unaweza kupasuka, mwili unaweza kuuzungushia kovu gumu linalouma, vijidudu vinaweza kuingia, na wanawake wengi hulazimika kuubadilisha baada ya miaka kupita.

Njia ya pili hutumia nyama ya mgonjwa mwenyewe. Daktari huchukua msuli mpana wa mgongoni pamoja na ngozi yake, akauacha umeshikamana na mshipa wake wa damu, akauzungusha kupitia chini ya kwapa hadi kifuani, akaufinyanga pale. Mwitaliano aitwaye Iginio Tansini aliieleza njia hiyo mwaka 1906, wakati huku kwetu Maji Maji inapiganwa. Mwaka 1982 Mmarekani Carl Hartrampf na wenzake wakaeleza namna ya kutumia ngozi na mafuta ya tumboni, chini ya kitovu. Operesheni hizi huchukua saa nyingi. Zinataka damu ya akiba, nusukaputi ya kuaminika, na wauguzi wanaokesha wakiangalia rangi ya ile nyama iliyohamishwa, maana ikianza kuwa nyeusi ni lazima mgonjwa arudi mezani usiku huohuo. Lakini ikishapona, imepona. Hakuna mfuko wa kubadilisha miaka kumi baadaye. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali, mimi naona njia hii ya nyama yake mwenyewe, hasa ile ya mgongoni, ina maana zaidi kuliko silikoni, ingawa magazeti ya urembo hayaisemi.

Kuna jambo la mionzi pia. Mgonjwa aliyechomwa mionzi kifuani, ngozi yake hukakamaa, na mfuko wa silikoni chini ya ngozi ya namna hiyo huleta taabu mara kwa mara. Kwa hiyo madaktari wengi husubiri miezi kadhaa baada ya mionzi kabla ya kuunda titi, na hupendelea nyama ya mahali pengine ambayo mionzi haikuigusa. Maana yake ni safari nyingine, baada ya muda, kwa mtu ambaye safari ya kwanza ilikwisha kummaliza.

Lazima niseme ukweli wote. Titi lililoundwa si lile lililokwenda. Halinyonyeshi, na hisia zake si zile. Wala halimwongezei mgonjwa siku za kuishi. Wapo wanawake wengi, hata kwenye nchi tajiri, wanaoelezwa yote haya wakajibu hapana, asante, tumechoka na visu. Ni haki yao. Lakini huyo wa kusema hapana ni lazima kwanza awe ameulizwa.

Sasa turudi Rufiji. Mimi barabara ile nimeipita mara kadhaa kwa kazi ya redio. Kutoka Dar hadi Kibiti na Ikwiriri ni lami tupu, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 hakuna tena kusubiri pantoni pale mtoni. Ukiiacha lami kuelekea Ngarambe, upande wa pori lililojulikana kwa miaka mingi kama Selous, mambo hubadilika. Ni njia ya vumbi wakati wa kiangazi, na wakati wa masika ni habari nyingine. Mafuriko ya Aprili 2024 mnayakumbuka. Vijiji vya Rufiji na Kibiti vilikaa majini, watu wakipita kwa mitumbwi juu ya mashamba yao. Wa delta nao, kule Salale na Mbuchi, safari zao zote huanza kwa chombo, na chombo husubiri maji yajae.

Mama wa Ngarambe akihisi gumba kwenye titi ataanzia zahanati. Pale hakuna mtaalamu wa kutoa kipande cha nyama wala maabara ya kukisoma. Atasukumwa mbele, kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya Utete, kisha mkoani. Hapa kuna kichekesho ambacho sijui kama waliochora mipaka walikiona. Hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani ni Tumbi, na Tumbi iko Kibaha. Basi linalotoka Rufiji huingia kwanza Dar es Salaam, kwenye mji wenye Muhimbili na Ocean Road, ndipo abiria abadilishe gari atoke tena kwenda Kibaha. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ule uliosambazwa kuanzia mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uliwekwa uishie ngazi ya hospitali ya mkoa. Yaani kadi ilimruhusu mama kuipita hospitali anayoihitaji, aende kuandikiwa barua ya kumrudisha alikopita. Ni kwa ajili ya mambo kama haya Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kipimo cha sheria hiyo, kwa maoni yangu, kitakuwa watu wa namna hii.

Katika kusukumwa huko miezi hupita. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wanawake kiasi cha 8 katika kila 10 wanaogundulika huwa wamekwisha kufika hatua ya tatu au ya nne. Kwa hatua hizo uvimbe umekuwa mkubwa, mara nyingine umepasua ngozi, na ni nadra daktari kuzungumza habari ya kuacha titi.

Lakini hata kwa yule aliyewahi, umbali una namna nyingine ya kumwadhibu, na hii ndiyo niliyotaka hasa mwijue. Mwaka 2002 zilichapishwa habari za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 20, wengine Milano, Italia, chini ya Dokta Umberto Veronesi, wengine Marekani chini ya Dokta Bernard Fisher. Zote mbili zilisema jambo moja: mwenye uvimbe mdogo akiondolewa uvimbe peke yake, titi likabaki, kisha akachomwa mionzi, huishi sawa na yule aliyekatwa titi zima. Sharti ni mionzi. Na mionzi kwa utaratibu wa kawaida ni siku tano kwa juma, kwa majuma matatu hadi matano au zaidi.

Kwa miaka mingi mashine za mionzi za nchi nzima zilikuwa mahali pamoja, Ocean Road, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari, lililofanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Baadaye Bugando, Mwanza, nayo ikaanza. Kwa mtu wa Rufiji bado ni Ocean Road. Anayekaa Upanga atakwenda kwa mguu, achomwe, arudi kupika. Wa Ngarambe atakaa wapi majuma matano? Kwa shemeji Mbagala, chumba kimoja, watu saba? Nani atalinda mpunga usiliwe na nguruwe na ndege? Basi daktari, kwa huruma kabisa, humshauri akate lote, yaishe. Wanawake wawili wenye uvimbe sawa, umri sawa, wameingia chumba kimoja cha daktari asubuhi moja. Mmoja anatoka na titi lake, mwingine hana. Kilichowatofautisha ni nauli.

Kwa hiyo wale wanaohitaji zaidi kuundiwa titi upya ni walewale waliokatwa kwa sababu ya kukaa mbali, na ni walewale ambao hawatapata wa kuwaundia. Madaktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha katika nchi hii wanahesabika, nao wako kwenye hospitali kubwa za miji mikubwa. Utete hawapo, wala sidai wapelekwe Utete kesho.

Tatizo jingine liko vichwani mwetu sisi wa mjini. Tukisikia kuunda titi tunafikiri urembo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilipotangaza upasuaji wa kurekebisha maumbo, mliona wenyewe tulivyozungumza kwenye daladala na magazetini: makalio, vitambi, wake za wakubwa. Sikumsikia mtu akiuliza kama mama aliyekatwa titi kwa saratani naye yumo.

Hebu tukumbuke historia kidogo. Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa, vijana marubani wa Kiingereza waliungua nyuso na mikono ndani ya ndege zao. Daktari Archibald McIndoe akawatengenezea nyuso upya, operesheni baada ya operesheni, kwenye hospitali ya East Grinstead. Hakuna aliyeita urembo. Ilisemwa anawarudishia utu wao, wapate kuingia baa, waoe, waajiriwe. Daktari huyohuyo, pamoja na Michael Wood wa Nairobi na Mmarekani Tom Rees, wote watatu mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha, walikutana miguuni mwa Kilimanjaro wakajiuliza ni namna gani ufundi wao utawafikia watu wa vijijini Afrika Mashariki, ambako hakuna barabara. Jibu lao lilikuwa ndege. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika la madaktari wanaoruka, ambalo leo mnalijua kwa jina la AMREF.

Fikirini jambo hilo. Shirika la afya linalojulikana kuliko mengi katika eneo letu lilizaliwa kwa sababu mabingwa wa kurekebisha maumbo waliona mtu wa porini naye anastahili kurekebishwa. Mdomo uliopasuka, mkono uliokunjwa na kovu la moto, uso ulioraruliwa na fisi. Leo tukiambiwa kwamba ufundi huo ni anasa ya mjini, tunakuwa tumerudi nyuma ya mwaka 1957.

Wamarekani walilimaliza suala la anasa kwa sheria. Mwezi Oktoba mwaka 1998 ilipitishwa sheria inayosema kwamba bima inayolipia kukata titi ni lazima ilipie pia kuliunda, kulisawazisha la upande wa pili, na matiti ya bandia kwa anayeyataka. Kazi ya kisu haijakwisha mpaka hapo. Je, ukosefu wa usawa ukaisha? Haukuisha. Wanawake wa mashambani, weusi na maskini waliendelea kuundiwa matiti kwa uchache kuliko wengine, na mwaka 2015 ikabidi ipitishwe sheria nyingine ya kuwaelimisha wagonjwa tu, maana ilionekana wengi hawakuwa wakijua kwamba haki hiyo wanayo. Ikiwa huko, penye fedha na sheria, kuambiwa ndiko kulikopungua, sembuse kwetu?

Najua wapo mnaosoma mkinung'unika. Mtu ataniuliza: wewe mtangazaji, Rufiji kuna mama anayekufa kwa kukosa operesheni ya uzazi, wewe unatuletea habari za matiti? Ni hoja nzito na siikwepi. Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoandaliwa na jarida la Lancet ilihesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanapouhitaji. Sisi tumo. Anayekufa leo atangulie, hilo sibishani nalo.

Lakini mwangalie yule daktari mwenyewe anafanya nini. Anayeweza kuzungusha msuli wa mgongo akaunda titi ndiye anayeweza kuuzungusha msuli uleule akafunika kifua cha mama ambaye saratani imemla ngozi, kidonda kinanuka, hata watoto wanaogopa kuingia chumbani. Kwa huyo, operesheni ile inamrudisha katikati ya watu wake, hata kama siku zilizobaki ni chache. Ndiye anayeweza kutengeneza mguu ulioshikwa na mamba wa Rufiji. Mnamkumbuka yule simba aliyewala watu upande ule wa Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004, watu wanaokadiriwa kuwa 35, mpaka akauawa? Mkulima anayeponea chupuchupu kwenye makucha ya namna ile hamhitaji mtu wa kushona ngozi peke yake. Anamhitaji bingwa wa kurekebisha. Ukimsomesha daktari huyu hujasomesha mtu wa urembo.

Halafu kuna woga. Wahudumu wa saratani watawaambia kwamba wapo akina mama wanaokwisha kujua wana saratani, wamepangiwa siku ya upasuaji, wakatoroka. Wanakimbilia kwa mganga anayeahidi kuyeyusha uvimbe bila kisu. Tunawalaumu kwa ujinga. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mwanamke ana miaka 34, ameolewa, mume ana jicho la nje, mawifi wana midomo, na neno pekee aliloambiwa hospitali ni "tutakata". Hakuna aliyemwambia kitakachofuata baada ya kukata. Naamini, na hili ni la kwangu mwenyewe, kwamba wengine wao wangebaki kitandani kama wangesikia sentensi moja zaidi: tutakata, na ukipona kuna namna ya kulirudisha umbo lako, si leo, lakini ipo. Wengine wasingebaki hata hivyo. Ila kwa wale ambao wangebaki, ukimya wetu juu ya titi la pili unawagharimu maisha.

Sasa, ni yapi yanayowezekana bila kungoja bajeti ya kesho kutwa? Mengine yamekwisha kufanyika hapahapa.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilikuwa na taabu kama hii kwa wanawake wenye fistula. Matibabu yalikuwa bure, vitanda vilikuwapo, lakini wagonjwa hawakufika kwa kukosa nauli, na kwa aibu. Mwaka 2009, kwa msaada wa Vodacom, wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Waliteua mabalozi vijijini. Balozi akimpata mgonjwa anapiga simu, fedha ya basi inaingia kwenye simu yake, anamsindikiza mgonjwa, na mgonjwa akifika balozi naye anapewa kifuta jasho. Jambo dogo, la akili. Sijaona sababu mama mwenye gumba kwenye titi asitumiwe nauli kwa njia ileile, kwenda na kurudi, na kwenda tena.

Na ule urefu wa mionzi umeanza kupungua. Mwaka 2020 Waingereza walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 4,000 wa saratani ya mapema, ambao baadhi yao walichomwa mara 5 tu, kwa juma moja, badala ya mara 15 kwa majuma matatu. Walipofuatiliwa kwa miaka mitano, saratani haikurudi kwa wingi zaidi. Kwetu faida ni kubwa zaidi, maana juma moja Mbagala kwa shemeji mtu anaweza kulivumilia. Yapo masharti ya vipimo na ya mashine, na wenye kuamua ni wataalamu. Ila ningependa wanapoamua waweke mezani pia basi la Ngarambe, maana mionzi ya juma moja ndiyo itakayomwachia mama wa kule titi lake, asihitaji hata kuundiwa jingine.

Kisha kuna lililo rahisi kuliko yote, na hili ndilo nililomjibu yule msikilizaji wa Ikwiriri, kwa sababu upasuaji kwa dada yake utachukua muda na huenda asiutake. Huko Thika, Kenya, wapo wanawake waliokatwa matiti wanaokutana na kufuma matiti ya uzi. Ni kazi ya mkono. Anafuma duara kwa uzi laini wa pamba, kama afumavyo kofia ya mtoto, anatia chuchu katikati, anajaza, anafunga. Rwanda nako wanafuma. Wanayatoa kwa wagonjwa wenzao, na bei yake hailingani kabisa na bandia ya silikoni ya dukani.

Kuna ufundi kidogo wa kuzingatia. Kidonda kikiwa kibichi, kijazwe pamba nyepesi tu, lisikwaruze kovu. Kidonda kikikauka kabisa, liongezwe uzito, kwa sababu titi la upande mmoja lina uzito wake, na kifua kisipolingana bega huinama na mgongo huuma, hasa kwa mtu anayelima kwa jembe na kubeba ndoo. Kitambaa kiwe cha kufulika na kukauka upesi, maana Rufiji ni joto na jasho. Wala lisiachwe liogelee ndani ya gauni kama vile vitambaa vya kanga. Sidiria ishonewe mfuko kwa ndani, upande uliokatwa, titi likae humo lisihame mtu anapoinama. Fundi cherehani yeyote wa Ikwiriri anaweza kuushona. Aende na sidiria yenyewe, apimwe upande wa pili ulio mzima, na kama anaona haya kwa fundi mwanamume, ampe dada yake aipeleke.